Kipando cha Mama Amba: Hesabu ya Chui Milia na Deni Letu

Kila mwaka, katika usiku wa Navaratri, majirani zetu huja hekaluni kutazama garba, na kila mwaka huzuka swali lile lile mbele ya sanamu ya Mama Amba. Mtoto humvuta mzazi wake mkono na kumwuliza: "Yule mnyama aliyepandwa ni simba au ni chui?" Wazee wetu hujibu kwamba ni vagh, ambaye Kiswahili humwita chui milia, na kwamba katika picha nyingine Mama hupanda simba. Mtoto huridhika, chakula huandaliwa, na mazungumzo huishia hapo.

Tulipoombwa kuandika katika kitabu hiki cha maadhimisho, tuliona yafaa jibu hilo liendelezwe. Mtoto yule angeweza kuuliza swali la pili, lililo zito kuliko la kwanza: je, mnyama huyo angali hai? Na kama yu hai, ni kwa hisani ya nani?

Kalenda yetu ya Kigujarati yenyewe inatukumbusha swali hilo. Siku chache kabla ya Diwali huja siku iitwayo Vagh Baras. Watu huieleza kwa njia mbalimbali. Katika misitu ya Dang, kusini mwa Gujarat, wakazi wa asili humheshimu chui milia kama mlinzi wa mifugo na mipaka, na huchonga sura yake juu ya mti au jiwe. Sisi wenye maduka tulifundishwa na baba zetu kwamba siku hiyo ni ya kulipa madeni na kufunga vitabu vya hesabu, ili mwaka mpya uanze bila ya mtu kudaiwa. Basi na tuifanye kazi ya Vagh Baras. Tukifungue kitabu cha chui milia, tutazame kilichoingia, kilichotoka, na deni lililosalia.

MTAJI WA MSITU

Kwanza tujue mnyama huyu anaishije. Watu wengi hudhani kwamba mwenye nguvu namna ile hahitaji msaada wa yeyote. Ukweli ni kinyume chake. Chui milia huwinda peke yake, kwa kunyemelea na kuvizia, na mara nyingi zaidi hukosa kuliko kupata. Hawezi kumfukuza mnyama mbali kama mbwa mwitu wafanyavyo. Anahitaji kichaka cha kujificha, maji ya kunywa na kujipoza, na wanyama wakubwa wenye kwato: kulungu wa India, nguruwe mwitu na nyati wa msituni.

Wataalamu waliomfuatilia kwa miaka mingi, akiwamo Dakta Ullas Karanth wa kusini mwa India, wameeleza kwamba chui milia mmoja huhitaji takriban wanyama 50 wakubwa kwa mwaka, yaani karibu mmoja kwa wiki. Ili hao 50 waliwe pasipo kumaliza kizazi, lazima katika eneo lake wawepo takriban 500. Mfanyabiashara yeyote atalielewa jambo hili mara moja. Wale 500 ni mtaji. Wale 50 ni faida. Chui milia huishi kwa faida. Mwanadamu akiula mtaji kwa bunduki na mitego, au akiuondoa kwa kuingiza mifugo mingi kula majani yote, chui milia hufa hata kama hakuna risasi iliyomgusa.

Ndiyo maana ukubwa wa eneo lake hutegemea utajiri wa msitu. Katika misitu minono ya India na Nepal, jike mmoja huweza kutosheka na kilometa za mraba 20 hivi. Katika misitu ya baridi ya mashariki ya mbali ya Urusi, ambako mawindo ni haba, jike huhitaji kilometa za mraba 400 au zaidi. Mimba yake huchukua siku zipatazo 105, huzaa watoto wawili hadi wanne, na hukaa nao kwa karibu miaka miwili hadi waweze kujiwindia. Jike akiuawa wakati huo, watoto nao huangamia. Walakini akipewa utulivu na mawindo, huzaa tena na tena. Hilo ndilo tumaini lote la mnyama huyu: si dhaifu wa kizazi, ila hawezi kuishi bila ya msitu ulioshiba.

JINSI KITABU KILIVYOKAUKA

Katika karne ya 19, serikali ya Kiingereza nchini India ilimhesabu chui milia kuwa mdudu mharibifu, ikalipa zawadi kwa kila kichwa kilicholetwa. Baadaye kumwua kukawa fahari. Maafisa na watawala wa Kihindi walishindana kwa ndovu, bunduki na mamia ya watu wa kupiga ngoma msituni. Mtawala mmoja wa Surguja, katika India ya kati, anatajwa kuwa aliua zaidi ya chui milia 1,100 katika maisha yake. Hatuwezi kuwalaumu wageni peke yao.

Mtu mmoja wa zama zile anatuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Jim Corbett alizaliwa katika milima ya Kumaon, akaitwa mara nyingi kuwaua chui milia waliozoea kula watu. Mwaka 1907 alimwua jike wa Champawat, aliyesemekana kuua watu 436. Corbett aligundua kwamba wengi wa wala watu hao walikuwa na majeraha ya risasi au miiba ya nungu, au wamezeeka, hata wasiweze tena kuwinda mawindo yao ya kawaida. Taratibu aliweka bunduki kando akashika kamera, na kuonya kwamba mnyama huyu atakwisha. Mwaka 1947 alihamia Kenya, akaishi Nyeri hadi alipofariki mwaka 1955, na kaburi lake lipo huko huko. Wengi wetu tumepita Nyeri kwa biashara bila ya kujua.

Baada ya uhuru wa India mwaka 1947 hali ilizidi kuwa mbaya. Misitu ilikatwa kwa mashamba, mabwawa na mbao, bunduki zilienea, ngozi zikauzwa madukani kwa watalii. Mwishoni mwa miaka ya 1960 hofu ilikuwa kubwa, na hesabu ya mwaka 1972 ikatoa jumla ya chui milia 1,827 tu katika nchi nzima, ilhali ilidhaniwa kwamba mwanzoni mwa karne walikuwa makumi ya maelfu. Mwaka huo huo ilipitishwa sheria ya kuwalinda wanyamapori. Tarehe 1 Aprili 1973, chini ya Waziri Mkuu Indira Gandhi, ukazinduliwa mpango mkubwa wa kumwokoa chui milia, ukianza na hifadhi tisa. Uzinduzi ulifanyika katika hifadhi iliyobeba jina la Corbett.

Lakini hifadhi haiundwi kwa kalamu peke yake. Ndani ya misitu ile walikaa watu. Huko Kanha, kwa mfano, Wabaiga na Wagondi walihamishwa kutoka katika vijiji vya mababu zao, na wengi miaka ile hawakupewa malipo ya kutosha. Kulungu waliporudi na nyasi zikaota juu ya mashamba yao ya zamani, dunia ilishangilia chui milia wameongezeka. Ni wachache waliouliza nani amelipa. Mwaka 2008 malipo yalipandishwa hadi rupia 1,000,000 kwa familia iliyokubali kuhama, na sheria sasa hutaka ridhaa yao. Hata hivyo, malalamiko hayajakoma. Tunaliandika hili kwa sababu katika hesabu ya haki, gharama lazima iandikwe kwa jina la aliyeilipa.

VITABU VILIVYODANGANYA

Kuna sura moja ambayo kila mwenye duka aisome. Katika hifadhi ya Sariska, mkoani Rajasthan, maafisa walihesabu chui milia kwa kutazama nyayo zao ardhini. Mwaka 2004 vitabu bado viliandika kwamba wapo zaidi ya kumi. Mwaka uliofuata wachunguzi waliingia msituni na hawakumkuta hata mmoja. Majangili walikuwa wamewamaliza. Vitabu vilijaa mali, rafu zilikuwa tupu. Mwaka 2009 ikabainika kwamba hifadhi ya Panna nayo imefilisika vivyo hivyo.

Aibu hiyo ilileta faida. Serikali iliunda mamlaka mpya ya kusimamia chui milia, na njia ya kuhesabu ikabadilishwa. Milia ya kila chui milia ni yake peke yake, kama alama za vidole vyetu. Kamera hutegwa kando ya njia za msituni, hupiga picha mnyama apitapo, na picha hulinganishwa mstari kwa mstari. Hesabu ya kwanza kwa utaratibu huo, ya mwaka 2006, ilitoa 1,411. Ilikuwa habari chungu, lakini ilikuwa hesabu ya kweli, na duka haliwezi kuokolewa mpaka mwenyewe akubali kuhesabu kwa uaminifu. Hesabu ya 2010 ilikuwa 1,706. Ya 2014 ikawa 2,226. Ya 2018 ikafika 2,967. Na ya 2022 ikakadiriwa 3,682. Sariska na Panna zilipelekewa chui milia kutoka hifadhi nyingine kuanzia miaka ya 2008 na 2009, nao wamezaa.

GUJARAT: MMOJA ALIYESALIA, MMOJA ALIYEPOTEA

Sasa tuje nyumbani kwa wazee wetu. Gujarat ilikuwa nchi ya wote wawili: simba katika msitu wa Gir, upande wa Junagadh, na chui milia katika misitu ya mashariki na kusini, kuelekea Panchmahal na Dang. Vipando viwili vya Mama vilikaa katika mkoa mmoja. Kimoja kipo hadi leo, kingine kilipotea.

Simba wa Asia, ambao zamani walienea tangu nchi za Mashariki ya Kati hadi India, mwishoni mwa karne ya 19 walikuwa wamebaki Gir tu, tena wachache sana. Aliyewaokoa hakuwa Mhindu. Alikuwa Nawab wa Junagadh, mtawala Mwislamu, aliyezuia uwindaji wao, na waliomfuata kitini wakaendeleza ulinzi huo. Wamaldhari, wafugaji wakaao msituni, waliendelea kuishi na simba wakipoteza ng'ombe na nyati wao mmoja mmoja. Pembeni mwa msitu huo huo wanaishi Wasidi, watu wenye asili ya Afrika, ambao ngoma yao huitwa goma hadi leo. Kwa ulinzi wa watawala na uvumilivu wa majirani, simba wa Gir waliohesabiwa 177 mwaka 1968 walifikia 891 mwaka 2025.

Chui milia wa Gujarat hakupata Nawab wa kumlinda. Misitu yake ilikatwa vipande vipande, mawindo yakaisha, na kufikia miaka ya 1990 hakuonekana tena. Sanamu zake ziliendelea kuchongwa na kupakwa rangi, taa ziliwashwa mbele yake, na Navaratri iliadhimishwa kwa shangwe. Ibada yetu haikupungua, ila mnyama alikwisha. Hilo ndilo linalotusumbua tunapoandika makala haya.

Februari 2019, mwalimu mmoja wa shule katika wilaya ya Mahisagar alimpiga picha chui milia akivuka barabara. Kamera zilipotegwa, zikathibitisha. Kwa mara ya kwanza katika takriban miaka 30, vagh alikuwa amerudi Gujarat. Ndugu zetu walipigiana simu kutoka Ahmedabad hadi huku Afrika Mashariki kupashana habari njema. Furaha haikudumu wiki tatu. Alikutwa amekufa, na uchunguzi ulieleza kwamba njaa ilikuwa imemdhoofisha. Alirudi katika nchi inayomwabudu, akakuta mtaji umeshaliwa.

Wala tusijivune mno kwa simba. Mali yote ikiwekwa katika ghala moja, moto mmoja huitosha. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi vya mbwa uliwaua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, hapa Tanzania. Mwaka 2018 virusi vya aina hiyo hiyo viliingia Gir na simba zaidi ya 20 wakafa katika muda mfupi. Serengeti ni pana, ikajaza pengo lake. Gir haina nafasi kama hiyo. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya India iliamuru baadhi ya simba wapelekwe Kuno, katika mkoa wa Madhya Pradesh, wawe akiba. Bado hawajapelekwa. Sisi Wagujarati tulipenda mno kubaki nao peke yetu, na inafaa tujiulize kama huko ndiko kupenda.

WANUNUZI

Penye mnunuzi hapakosi muuzaji. Sisi wa biashara tunalijua hili kuliko wengine. Jangili ategaye mtego Rajasthan ni maskini anayelipwa kidogo. Fedha hutoka kwa yule anayetaka ngozi ya kutandika, mfupa wa kutengenezea dawa, au ukucha wa kuvaa. China ilipiga marufuku biashara ya mifupa ya chui milia mwaka 1993, lakini soko la siri halijafa.

Na je, sisi? Wenye umri kama wetu wanakumbuka kucha za chui milia zilizofungwa kwa dhahabu, zikavikwa shingoni mwa watoto wa kiume ili wawe jasiri na wakingwe na jicho baya. Nyingine zilivuka bahari katika masanduku ya mabibi zetu. Kila ukucha ulitoka katika mguu wa mnyama aliyeuawa, na huyo ndiye aliyembeba Mama tuliyemwomba awalinde watoto hao hao. Hatusemi haya kuwahukumu wazee wetu. Walifanya walivyojua. Sisi tunajua zaidi, kwa hiyo hatuna udhuru wao.

Kwamba dini inaweza kuubadili mwenendo wa wanunuzi, mfano upo. Watibeti walikuwa na desturi ya kupamba mavazi yao ya sherehe kwa ngozi za chui milia, na ngozi nyingi za India zilikuwa zikipelekwa kwao. Januari 2006, katika mkutano mkubwa wa ibada huko Amaravati, Dalai Lama aliwaambia waumini wake kwamba anaona aibu kwa jambo hilo. Baada ya majuma machache Watibeti walitoa mavazi ya thamani kubwa na kuyachoma hadharani. Neno la mwalimu mmoja wa dini lilifika mahali ambapo askari hawakufika, kwa sababu waliolisikia walikubali hasara.

KUISHI JIRANI

Kuongezeka kwa chui milia kumeleta tatizo jipya. Kijana wa kiume akikua hufukuzwa na wakubwa, naye hutafuta makao yake. Asipokuwa na ushoroba wa kumpitisha kutoka msitu hadi msitu, huingia mashambani, huua ng'ombe, na wakati mwingine mtu. Kati ya hifadhi za Kanha na Pench barabara kuu ilipanuliwa, na baada ya mabishano marefu zikajengwa njia za kupitia chini yake. Kamera zimewaonyesha chui milia wakizitumia. Ujenzi uliongeza gharama, lakini ulifanya kazi.

Katika Sundarbans, msitu mkubwa wa mikoko unaogawanywa na India na Bangladesh, chui milia huogelea kutoka kisiwa hadi kisiwa, na warina asali, wavuvi na wakata kuni huuawa. Kabla ya kuingia msituni watu wa huko humwomba Bonbibi, bibi wa msitu, awalinde. Humwomba Wahindu na humwomba Waislamu, bega kwa bega. Mafundisho yake ni kwamba mtu aingie kwa moyo safi na achukue kiasi cha haja yake tu. Hatujui fundisho linalofaa zaidi kwa kitabu kama hiki, kinachosomwa na waumini wa hekalu pamoja na majirani wa dini nyingine ambao tumeshirikiana nao kwa harusi na kwa misiba.

Na ninyi majirani mnaisoma habari hii ya mbali mkiwa na yenu ya karibu. Mkulima wa pembeni mwa hifadhi hapa Afrika Mashariki, ambaye ndovu humla mahindi na simba humla ng'ombe, ni ndugu wa Mbaiga na Mmaldhari. Ulimwengu hufurahia mnyama, naye hulipa.

KUFUNGA HESABU

Hesabu yetu basi iko hivi. Chui milia hakuokolewa kwa sababu anaabudiwa. Aliabudiwa Gujarat, akaisha. Alisalia pale ambapo mtu fulani alikubali kupungukiwa: mtawala akaacha uwindaji wake, mwanakijiji akaacha shamba, mnunuzi akaichoma ngozi, mjenzi akaongeza gharama ya barabara, na afisa akakubali kuandika tarakimu ya kweli. Heshima isiyogharimu kitu ni picha ukutani.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili madogo kwa mwaka huu wa maadhimisho. La kwanza, yeyote mwenye ukucha, ngozi au jino la mnyama huyu nyumbani asiuze, asinunue mwingine, wala asimvike mjukuu. La pili, sadaka ya siku moja ya Navaratri, kwa ridhaa ya wanachama, itengwe kila mwaka kwa ajili ya familia za wakulima na wafugaji wanaopata hasara kando ya hifadhi za hapa petu. Chui milia wako mbali nasi, lakini deni la kuishi na mnyama mkali linalipwa na jirani aliye karibu, na huyo tunaweza kumfikia.

Mtoto atakapouliza tena mbele ya sanamu, tumwambie jina lake kwa lugha zote mbili, kisha tumwambie kwamba bado yu hai, na ni akina nani wanaolipa ili aendelee kuwa hai. Tungependa siku hiyo tuweze kujitaja na sisi miongoni mwao.

Jai Ambe.